Stara ya Sheria na Stara ya Mapenzi

Washairi wa pwani wamezoea kuyasitiri mahaba ndani ya fumbo, na kwa sababu hiyo wengi wetu huamini kwamba kinachofichwa ndicho chenye utamu. Historia ya tamthilia za mapenzi inatulazimisha kuipima imani hiyo. Stara ina namna zake, na si kila stara huzaa upole.

Tuanzie Marekani. Kanuni ya maadili ya filamu, iliyotungwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali tangu 1934, iliwabana watengenezaji wa Hollywood katika kila busu na kila kitanda. Televisheni nayo ilipoenea, vituo vilijiwekea kanuni yao, ikaanza kutumika mwaka 1952. Katika I Love Lucy, mchezo wa kuchekesha ulioanza kurushwa na CBS Oktoba 1951, Lucille Ball na Desi Arnaz walikuwa mke na mume kwa ndoa ya kweli, na wahusika wao vilevile. Hata hivyo, wahusika hao walilala katika vitanda viwili. Lucille aliposhika mimba, nayo ikaingizwa katika hadithi, neno lenyewe la ujauzito liliepukwa. Hiyo ndiyo stara ya sheria. Ilimlinda mwenye kituo na mwenye tangazo la biashara, lakini haikumwonesha mtazamaji namna wawili wapendanao wanavyotunzana.

Stara ya pili tunaiona katika Pride and Prejudice ya BBC, iliyorushwa mwaka 1995 katika sehemu sita. Andrew Davies aliiandika kutokana na riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813. Elizabeth na Darcy, walioigizwa na Jennifer Ehle na Colin Firth, hawabusiani mpaka mwisho kabisa, wakiwa ndani ya gari la farasi baada ya harusi. Lakini aghalabu watazamaji hukumbuka jioni moja huko Pemberley. Georgiana, dada yake Darcy, anapiga kinanda. Mgeni mwenye kijicho analitaja jina la Wickham, mtu aliyekaribia kumtorosha binti huyo, na vidole vya Georgiana vinababaika. Elizabeth anayeijua siri hiyo anarejea upesi kwenye kinanda, akisingizia kwamba amemwacha mwenzake bila wa kumgeuzia kurasa. Aibu inapita bila kugunduliwa. Ndipo Darcy anapomtazama, naye anamtazama, na hakuna neno linalosemwa.

Mtazamo ule una uzito kwa sababu ya tendo lililoutangulia. Elizabeth amemsitiri mtu, na Darcy ameliona hilo. Laiti wangetazamana vivyo hivyo bila ya kisa kile, tungeona nyuso mbili nzuri tu.

Kanuni ya filamu iliondolewa mwaka 1968, na wengi wakadhani kwamba mwili ukifunuliwa, moyo nao utafunuka. Matokeo yake hayakuwa hivyo siku zote. Maria Schneider alikuwa na umri wa miaka 19 alipoigiza katika Last Tango in Paris, filamu ya Bernardo Bertolucci ya mwaka 1972. Bertolucci alikiri baadaye kwamba yeye na Marlon Brando walimficha jambo moja katika tukio la ubakaji, ili fedheha itakayoonekana iwe ya kweli. Schneider naye alieleza kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli. Hapo mwili ulianikwa na siri ikabaki, lakini siri hiyo ilielekezwa dhidi ya mwigizaji mwenyewe.

Malalamiko ya wanawake wa tasnia hiyo yalipofurika kuanzia Oktoba 2017, mambo yalianza kurekebishwa. Mwaka 2018 HBO ilitangaza kwamba kila tamthilia yake yenye matukio ya faragha itakuwa na msimamizi maalumu, ambaye kazi yake ni kukubaliana na waigizaji mapema juu ya kila mguso. Ita O'Brien alifanya kazi hiyo katika Normal People ya mwaka 2020, iliyotokana na riwaya ya Sally Rooney. Vijana wawili, Connell na Marianne, wanakutana kimwili kwa mara ya kwanza, na kijana anamwambia mwenzake kwamba akitaka waache, wataacha. Tamthilia hiyo inaonesha mengi ambayo pwani yetu isingeyaonesha, nami sidai kwamba tuyaige. Lakini msomaji atambue kwamba upole wake umetoka pale pale ulipotoka upole wa Pemberley: mmoja anauona udhaifu wa mwenzake na anaulinda.

Kwa hiyo sisi tunaotunga kwa Kiswahili tusijipongeze kwa sababu tu tumezima taa na kufunga mlango. Mlango uliofungwa unaweza kuficha huba, na unaweza kuficha dhuluma. Kazi ya mtunzi ni kumjulisha mtazamaji, kabla mlango haujafungwa, ni nani anayesitiriwa na ni nani anayemsitiri.