UZI: Redio ya umma ni ya umma gani? Historia fupi ya lugha hewani, kutoka Mombasa bara

1/ Kila uchaguzi ukinusia, hoja hii hufufuka: "Redio za lugha za mama zinagawanya watu, zifungwe." Wa upande wa pili hujibu: "Mkizifunga mnaua utamaduni wetu." Halafu tunatukanana siku mbili, tunalala. Leo nataka tuangalie historia kwanza. Kanuni ni ileile ya siku zote: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta.

2/ Nianze nyumbani. Nyanya yangu ni Mgiriama, alitoka Ganze akaja kukaa nasi Kisauni. Kiswahili cha sokoni na cha majirani anakielewa vizuri tu. Aprili 2020 kakake alifariki huko Ganze. Redio ilikuwa imetangaza kutwa nzima "kusitishwa kwa usafiri wa kuingia na kutoka kaunti." Nyanya alisikia. Akavaa leso zake, akapanda matatu kwenda kuzika.

3/ Gari likarudishwa Mtwapa. Alipofika nyumbani aliniuliza swali moja: "Mbona hawakusema tu kwamba watu wasiende?" Mimi nilikuwa kidato, sikuwa na jibu. Tangazo lilikuwa la Kiswahili safi, sahihi kabisa. Lilikuwa pia limempita mtu liliyemhusu. Kakake alizikwa bila yeye. Tangu siku hiyo mjadala wa lugha za redio kwangu si wa darasani tu.

4/ Sasa historia. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, na ilianza kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika hakuwa msikilizaji aliyekusudiwa. Kilichobadilisha mambo ni vita. Maelfu ya vijana walipopelekwa kupigana Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilihitaji kuzungumza na familia zao, na ikajikuta inahitaji Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Shikeni hilo: lugha zetu ziliingia hewani kwa sababu dola ilikuwa na shida nasi.

5/ Mombasa tukapata kituo chetu enzi hizo za ukoloni: Sauti ya Mvita. Wazee wa hapa bado wanakitaja. Lakini hewa haina kizuizi cha Mtwapa. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, ikiusema ukoloni vibaya waziwazi, na watu wa pwani na Zanzibar wakawa wanaisikiliza. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza idhaa yake ya Kiswahili. Yaani wakubwa wa dunia walikuwa wanagombania sikio la Mswahili huku yeye mwenyewe hana kura.

6/ Tena, Kiswahili kipi? Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuchagua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ulifanyika hapahapa Mombasa, na Kimvita kikashindwa na Kiunguja. Fikiria: unakaribisha wageni kwako, wanakula pilau yako, wanaondoka na uamuzi kwamba lugha ya nyumbani kwako si ya vitabuni. Kwa hiyo hata anayesema "Kiswahili ni cha wote" ajue kwamba kuna watu wa Mombasa ambao sanifu waliipokea shuleni kama wengine tu.

7/ Uhuru ukaja Desemba 1963. Mwaka 1964 serikali ikaitaifisha redio, ikaitwa Sauti ya Kenya. Hofu ya wakati ule tuielewe kwa haki. Nchi ni changa, na Oktoba 1963 tu ndipo ulipotiwa saini mkataba wa kuuunganisha ukanda wa pwani, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Kenya. Sauti moja kutoka Nairobi ilionekana kama gundi. Lugha nyingine hazikufutwa: zilipewa saa zao katika idhaa za mikoa. Lakini "saa zako" ni kitu unachopewa, na kinachopewa hupunguzwa.

8/ Na gundi ile ilifanya kazi, tusidanganyane. Mfano mzuri ni mtu wa huku kwetu bara: Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Alizaliwa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Hao walitoka makabila tofauti ya mbali, na Kiswahili ndicho kilichowafanya majirani. Mjukuu wa historia hiyo akawa sauti ya nchi nzima, na kipindi chake "Je, Huu ni Uungwana?" kikadumu tangu 1966. Anayesema Kiswahili hakiunganishi, aende Freretown kwanza.

9/ Lakini redio moja ina upande wa pili. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, walikimbilia kituo cha redio, na Mbotela huyohuyo akalazimishwa kwa mtutu kutangaza kwamba serikali imeanguka. Nchi yenye mdomo mmoja, anayeushika mdomo huo ameshika nchi, angalau kwa saa chache. Mwaka 1989 jina likawa KBC, shirika kisheria, lakini wengi wetu tuliendelea kuita "redio ya serikali." Jina hilo la mtaani lina maana yake.

10/ Sasa hoja inayorushwa sana: "Redio za kikabila ndizo zinazoleta vita." Watu wa Likoni, hebu tukumbushane. Agosti 1997. Kituo cha polisi kilivamiwa usiku wa tarehe 13, vikaja vikaratasi vya kuwaambia watu wa bara waondoke, wakauawa watu zaidi ya 100 na makumi ya maelfu wakahama. Mwaka 1997 hapakuwa na kituo hata kimoja cha binafsi cha lugha ya mama Kenya nzima. Hata kimoja. Chuki ilisafiri kwa karatasi, kwa mikutano ya usiku na kwa viapo.

11/ Kituo cha kwanza cha binafsi cha lugha ya mama, Kameme cha Kikikuyu, kilianza mwaka 2000. Vingine vikafuata haraka: Kijaluo, Kikalenjin, Kikamba na kadhalika, na huku pwani tukaja kuwa na Radio Kaya ya Kimijikenda. Angalia mpangilio uliojitokeza. Lugha yenye wasikilizaji wengi wenye pesa hupata vituo vitatu, vinne. Wapokomo na Wataita hungojea. Soko halikuziokoa lugha zote. Liliziokoa zile zinazouza sabuni.

12/ Halafu ikaja 2007. Desemba 30 serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tume iliyochunguza ghasia zile ilivitaja vituo vya lugha za mama kwamba baadhi vilichochea. Mtangazaji mmoja akafikishwa mpaka The Hague, na kesi ikasitishwa Aprili 2016. Hoja ya upande wa "zifungwe" ina uzito hapa, na anayeipuuza hajasoma. Rwanda 1994 ilionyesha kituo kimoja kinaweza kufanya nini.

13/ Ila tuulize vizuri: kilichokosekana 2007 ni nini? Mtangazaji aliyechochea alijificha nyuma ya ukweli kwamba wasimamizi wa vyombo vya habari hawakuwa na watu wa kusikiliza lugha yake kila siku. Wapiga simu waliingia hewani bila mtu wa kuwachuja. Mwenye kituo alikuwa na maslahi yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kosa la sarufi ya Kikalenjin au Kikikuyu. Sheria ya utangamano ya 2008 ililenga uchochezi wenyewe, bila kujali umetamkwa kwa lugha ipi. Naona hapo walilenga sawa.

14/ Tutoke nje kidogo. Marekani kuna mtandao unaoitwa Radio Bilingüe, ulioanza kurusha matangazo Julai 4, 1980 kutoka Fresno, California. Ni redio ya umma ya Kihispania, iliyoanzishwa kwa ajili ya vibarua wa mashambani. Mwanzilishi wake, Hugo Morales, alikulia katika kazi za shamba kisha akasomea sheria Harvard. Yeye asili yake ni Mmixteco, watu wa asili wa Mexico, na redio ile imetangaza hata kwa Kimixteco. Kwa nini? Kwa sababu kuna vibarua ambao Kihispania nacho ni lugha ya pili kwao. Hao ndio nyanya zangu wa California.

15/ Na funzo lao lina pande mbili. Redio kama hizo zilikuwa zikipata sehemu ya pesa kutoka mfuko wa umma wa utangazaji. Mwaka 2025 bunge lao likaufuta mgao wa dola bilioni 1.1, na shirika lililokuwa likizigawa likaanza kufunga milango. Redio ya umma isiyo na mizizi kwa wasikilizaji wake iko sahihi moja ya bajeti kabla ya kunyamaza. Inayobaki ni ile ambayo watu wako tayari kuichangia.

16/ Kwetu sheria inasemaje? Sheria ya KBC inaitaka itangaze kwa Kiingereza na Kiswahili, na kwa lugha nyingine ambazo shirika lenyewe litaamua. Soma tena: litaamua. Katiba ya 2010 imeenda mbele zaidi. Kifungu cha 7 kinaitaka dola ikuze na kulinda lugha za wananchi. Kifungu cha 34 kinataka vyombo vya habari vya serikali viwe huru katika uhariri na vitoe nafasi sawa kwa maoni tofauti. Kati ya "litaamua" na "ikuze" kuna shimo, na nyanya aliangukia humo.

17/ Mtaniuliza: Changamwe je? Swali halali. Bandari, reli na kiwanda cha mafuta vimeleta watu wa kila kona. Nimeishi Chaani katika nyumba ya vyumba sita, na asubuhi zinasikika redio za lugha nne kabla ya chai. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti hii, na 154,171 tu ndio wa Mvita kisiwani. Sisi wengine zaidi ya milioni moja tuko ng'ambo: Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu, Nyali. Huwezi kusema lugha moja ya mama ndiyo "ya wenyeji" hapa bila kuwasha moto wa 1997.

18/ Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kiswahili kibaki sebule ya wote, na kiwe Kiswahili kinachosemeka, si cha waraka wa ofisini. Lakini taarifa zinazogusa uhai na haki za mtu (magonjwa, mafuriko, hati za ardhi, usajili wa kura) zitangazwe kwa lugha za wakazi kwa pesa za umma, kama wajibu wenye ratiba. Na yeyote anayepewa masafa, awe na mhariri anayejibika na kumbukumbu za matangazo zinazoweza kusikilizwa na mtu mwingine anayeijua lugha hiyo.

19/ Hii itagharimu. Najua. Nikiambiwa pesa hizo zipelekwe hospitalini nitaona mantiki, manake zahanati zetu nazo tunazijua. Ila tangazo lisiloeleweka pia lina gharama. Haionekani kwenye bajeti kwa sababu wanaoilipa ni watu kama nyanya, kizuizini Mtwapa, na leso zake za mazishi.

20/ Safari nyingine ukimsikia mgombea anasema "zifungwe" au "zisiguswe," muulize matatu: Nani anamiliki? Nani anasikiliza na kusimamia? Na tangazo la dharura litamfikiaje mzee wa Ganze aliyeko Kisauni? Akiwa na majibu, msikilize hata kama si wa upande wako.

Nyanya yuko hai, alhamdulillahi. Redio yake iko dirishani, imefungwa kwa waya, na haihamishwi masafa bila ruhusa yake. Kaburi la kakake alilitembelea baadaye njia zilipofunguliwa. Hajasahau lile swali, na sidhani tumemjibu.