Kitabu Mikononi mwa Mtoto: Habari za Vitabu na Watoto Wadogo katika Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopewa daraja, na shule zilizofunguliwa. Hesabu hiyo ni ya haki, nasi twawaachia wenzetu kuiandika. Hapa twataka kueleza jambo lililo dogo zaidi, nalo ni hili: kitabu kimepita njia gani hata kumfikia mtoto wetu wa miaka minne au mitano, asiyejua bado kusoma? Twasema kumfikia mikononi, wala si mbele ya macho tu. Maana katika habari za elimu ya nchi yetu, toka milima ya Umatengo na bonde la Ngaka hata ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kitabu kilionekana na watoto mapema, lakini kilikawia sana kushikwa nao.

Tusidhani kwamba kabla ya kitabu watoto walikaa bila mafunzo. Mtoto wa Kimatengo aliwafuata wazazi shambani, akatazama jinsi ngolo zinavyochimbwa, yaani yale mashimo yaliyopangwa kwa safu katika mteremko ili mvua isichukue udongo; kisha naye akachimba vishimo vyake kwa kijiti. Mtoto wa ziwani alijitengenezea mtumbwi mdogo, akaufunga uzi, akauvuta majini kama baba yake aendaye kuvua usipa. Jioni bibi alitoa hadithi karibu na moto, na wajukuu waliitikia na kuimba kila alipofika penye wimbo. Katika mafunzo hayo yote mkono, sikio na mdomo vilifanya kazi pamoja. Neno hili na tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Kitabu kilikuja kwetu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya ziwa. Mwaka 1885 Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilifanya makao yake katika kisiwa cha Likoma. Padre William Percival Johnson alizunguka vijiji vya mwambao wa mashariki kwa miaka mingi, akifundisha na kutafsiri Maandiko kwa Kinyanja, hata alipofariki mwaka 1928 akazikwa Liuli. Mwaka 1901 ilishushwa majini meli iitwayo Chauncy Maples. Iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikapita bahari na mito, na watu mamia kadha wakalivuta tangi lake la mvuke katika nchi kavu, ndipo ikaunganishwa tena. Meli hiyo ilikuwa pia chuo cha waalimu, chenye kutembea toka bandari hata bandari.

Njia ya pili ilikuwa ya bara. Mwaka 1898 Wabenediktini, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, walifungua misioni ya Peramiho; mwaka 1899 wakafika Kigonsera, na mwaka 1914 Litembo. Njia hii haikuwa nyepesi. Katika Vita ya Majimaji, mwaka 1905, Peramiho iliteketezwa kwa moto, na Spiss, aliyekuwa amekwisha kuwa Askofu, aliuawa mwaka huohuo. Tena Vita Kuu ya kwanza ilipopita, wengi wa wamisioni wa Kijerumani waliondolewa nchini, na kazi ikashikwa na waalimu na makatekista wenyeji. Mara mbili katika muda wa miaka michache shule zilikaribia kufa, na mara zote mbili zilifufuliwa.

Basi, watoto walijifunzaje katika shule zile za vijijini? Kwa sehemu kubwa walijifunza bila kitabu. Mwalimu alitundika karatasi kubwa yenye herufi, akaonyesha kwa fimbo, na wote wakaitikia kwa sauti moja. Waliandika mchangani kwa kidole, na waliobahatika waliandika juu ya vibao vya mawe. Kitabu kilikuwa kimoja, au viwili, navyo vilikaa mkononi mwa mwalimu. Jambo hilo lilikuwa na sababu. Kitabu kilitoka mbali na kwa gharama. Mvua ilikilowesha, mchwa walikila, panya walikitafuna. Mwalimu aliyekipoteza hakujua atapata lini kingine. Kwa hiyo alikifungia sandukuni, naye alifanya vema.

Lakini desturi hudumu hata sababu yake ikiisha kupita. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kwetu desturi ya kufikiri kwamba kitabu ni kitu cha kutazamwa kwa heshima, na kwamba mtoto mdogo akikigusa atakiharibu. Tunaomba wasomaji waikumbuke desturi hii, maana ingali pamoja nasi.

Siku zilezile, katika nchi nyingine, watu walikuwa wakiigundua njia iliyofanana na ile ya bibi zetu. Huko Ujerumani Friedrich Fröbel alifungua mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, nyumba ya watoto wadogo wajifunzao kwa kucheza na mipira, vipande vya mbao na udongo. Huko Roma, mwaka 1907, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto maskini. Akawapa herufi zilizokatwa katika karatasi yenye kukwaruza kama msasa, ili kidole cha mtoto kipite juu yake na kuijua herufi kabla ya kuiandika. Huko New York, Anne Carroll Moore aliongoza chumba cha watoto kilichofunguliwa katika maktaba kuu ya mji mwaka 1911. Humo viti vilikuwa vifupi kwa kimo cha watoto, na mtoto aliyeweza kuandika jina lake katika daftari aliruhusiwa kuchukua kitabu nyumbani kwao. Watu hawa watatu hawakuwa na elimu moja wala nchi moja, lakini walikubaliana kwa neno moja: mtoto mdogo hujua kwa mkono kwanza.

Turudi kwetu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na kitabu kilichopigwa chapa mahali pamoja kikaweza kutumika katika shule za nchi kadha. Mwaka 1948 ilianzishwa idara ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na makao Nairobi. Ilitunga na kuchapa vitabu, tena ilipeleka makasha ya vitabu kwa wasomaji walio mbali. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Haya yote yalikuwa mema. Lakini tukitazama vizuri, sehemu kubwa ya makasha na rafu zile ilikuwa ya mtu ajuaye kusoma tayari. Mwaka 1977, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya watoto wote, madarasa yalijaa, na kitabu kimoja kikagawanywa kwa wanafunzi wengi. Mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza hakuwa na fungu.

Zamu yake ilikuja baadaye. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa kusudi la kupata hadithi nzuri za Kiswahili kwa watoto na kuzifikisha shuleni. Mwaka 1995 sera ya elimu ilitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya taifa, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Mtaala wa awali wa mwaka 2016 ulitaka darasa liwe na kona za kujifunzia, ambamo watoto hushika vitu na kuvitumia. Mwaka huohuo mpango ulioitwa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na Marekani, ulianza kufanya kazi ya kusoma na kuandika katika mikoa michache ya nchi, na Ruvuma ilikuwa mmojawapo. Hivyo kwa mara ya kwanza sera za serikali zilisema jambo lilelile lililokuwa likifanyika karibu na moto wa bibi.

Pengine mzazi atauliza, Mtoto asiyejua kusoma atafanya nini na kitabu? Tumjibu kwa kutaja kazi zenyewe, nazo hazihitaji fedha nyingi.

Kwanza, mtoto hujifunza kitabu chenyewe ni kitu gani. Huosha mikono, hushika kitabu jalada likiwa juu, hufunua ukurasa kwa ncha, na kufuata mstari kwa kidole toka kushoto kwenda kulia. Mambo haya mtu mzima huyaona madogo. Lakini mtoto aingiaye darasa la kwanza bila kuyajua hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, kitabu na herufi, akachoka upesi.

Pili, hadithi huwekwa mikononi. Mwalimu husoma habari ya mvuvi, kisha watoto huipanga upya kwa samaki waliokatwa katika maboksi, kwa mtumbwi wa ganda la mgomba, na kwa picha tatu au nne zinazofuatana. Anayejua kuzipanga picha ameifahamu hadithi. Tena watoto wetu wengi husema Kimatengo, Kinyasa au Kingoni nyumbani. Wanapokishika kitu na kukitaja kwa Kiswahili, neno jipya hushikamana na kitu wanachokijua.

Tatu, herufi hufinyangwa. Udongo wa mfinyanzi haukosi katika mabonde ya Ngaka, wala mchanga haukosi Mbamba Bay na Lituhi. Mtoto na aanze kwa herufi ya kwanza ya jina lake, aifinyange, aipapase huku amefumba macho, kisha aitafute katika kurasa za kitabu.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, mtoto hutengeneza kitabu chake. Karatasi nne hukunjwa katikati na kushonwa kwa uzi. Mtoto huchora mbuni za baba yake, au ngolo, au lori lililobeba makaa ya mawe. Huyaeleza kwa mdomo wake, na mwalimu huyaandika maneno hayohayo chini ya picha, akamsomea. Siku hiyo mtoto hufahamu kwamba maandishi ni maneno ya mtu yaliyowekwa akiba. Kitabu chake na kiwekwe katika rafu pamoja na vingine.

Tano, watoto hucheza maktaba. Mmoja huwa karani, mwingine huja kuazima na kuacha kadi yenye alama yake, kisha hurudisha kitabu na kuchukua kadi. Na kitabu kikichanika, hutengenezwa na watoto wenyewe kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga. Aliyetengeneza kitabu kwa mkono wake hakichani ovyo.

Sasa tufike penye neno gumu. Wengi wetu tumeona shule ambazo vitabu vya hadithi vilifika, vikahesabiwa, vikatiwa mhuri, vikafungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mkubwa. Hatumlaumu mwalimu kwa wepesi. Yeye huulizwa vitabu viko vingapi. Haulizwi vimeshikwa na watoto wangapi. Kitabu kilichochakaa ni hasara katika daftari lake, na kitabu kipya kilichokaa miaka mitano bila kufunguliwa ni sifa. Hesabu ya namna hiyo yamfunza mwalimu kufunga. Lakini mchwa huingia kabatini pia, na mtoto wa miaka mitano hatangoja. Mwaka ujao si wa miaka mitano tena.

Sababu ya zamani imekwisha kupita. Mizigo haisafiri tena kwa mabega ya watu. Barabara ya lami yatoka Songea hata Mbinga na Mbamba Bay, na makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, husafirishwa mpaka viwanda vilivyo mbali sana. Nchi iwezayo kupeleka makaa mbali namna hiyo haiwezi kusema kwamba hadithi ya kurasa kumi na sita haina njia ya kufika kigangoni.

Basi, twawaomba waalimu na wazee wa parokia mambo matatu. La kwanza, kila darasa la awali na kila chekechea liwe na rafu fupi, au hata sanduku lililo wazi, ambalo mtoto alifikia bila kuinuliwa. La pili, katika daftari la vitabu pawe na safu ya kuandika kitabu kimeazimwa mara ngapi, na kilichochakaa kwa kutumiwa kiandikwe kuwa kimefanya kazi yake, wala mwalimu asidaiwe. La tatu, angalau siku moja katika juma, bibi au babu aitwe darasani kutoa hadithi, na watoto waichore na kuishona iwe kitabu.

Jimbo la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986, likitengwa na Songea, nalo lilirithi shule na watu waliofundishwa kwa kidole mchangani. Wazee hao walilinda kitabu kimoja kwa ajili ya kijiji kizima, nasi twawashukuru. Sisi tulio na vitabu vingi kuliko wao tumebakiwa na kazi iliyo nyepesi kuliko yao, nayo ni kufungua kabati. Na ianze Jumatatu ijayo, kabla kengele ya darasa la awali haijalia.