Sarafu za Tabora za Mwaka 1916 na Elimu ya Kuzitambua

Neno "hela" hutamkwa kila siku, na aghalabu msemaji hakumbuki asili yake. Limetokana na Heller, sarafu ndogo ya Wadachi iliyowekwa mwaka 1904, rupia ilipogawanywa katika hela 100 badala ya pesa 64. Neno limedumu, sarafu zenyewe zimebaki mikononi mwa wakusanyaji. Katika hizo, zilizogongwa Tabora mwaka 1916 ndizo zimfaazo zaidi mwenye kujifunza.

Sababu yake ni vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na fedha haikuweza kuletwa kwa wingi kutoka Ulaya. Ndipo karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ilipogeuzwa kuwa kiwanda cha fedha. Zikagongwa hela 5, hela 20, na rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zote zikiwa na herufi T, alama ya Tabora. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mji ukatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji.

Kazi iliyofanywa kwa haraka huacha nyayo zake. Hela 20 huonekana kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano. Nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo. Katika neno HELLER, ncha za herufi L mbili pengine zimechongoka, pengine zimepinda, na pengine ni L ya pili tu iliyopinda. Kadhalika katika rupia 15, upande wenye tai, pambo la kulia huishia chini ya T ya OSTAFRIKA katika baadhi ya sarafu, na katika nyingine chini ya A iliyo ya kwanza.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili. Kosa hutokea wakati wa kugonga: kipande cha madini kikikaa upande, sura hutoka nje ya katikati, na sarafu hiyo huwa peke yake. Aina hutokana na kalibu, yaani chuma kilichochorwa sura ya sarafu; kwa hiyo tofauti yake hurudi katika kila sarafu iliyogongwa kwa kalibu hiyo. Asiyetambua hayo huenda akanunua kosa kwa bei ya aina, au akadanganywa kwa nakala ya rupia 15, ambayo imeigwa mara nyingi.

Vitabu vya kumwongoza vipo. Orodha ya Kurt Jaeger ya sarafu za Ujerumani tangu mwaka 1871 huzipa namba na herufi, na orodha ya Krause ya sarafu za ulimwengu, iliyotoka kwanza mwaka 1972, huzieleza kwa Kiingereza. Lakini orodha husema ni nini kilichotofautiana. Haisemi kwa nini. Hilo hujulikana kwa kuweka sarafu mbili pamoja chini ya kioo cha kukuzia, na kuuliza ni kalibu ngapi zilizochorwa, na mikono mingapi iliyozichora.

Upungufu uliobaki ni wa lugha. Sarafu hizi ziligongwa Unyamwezi, na jina lao limekuwa jina la fedha katika Kiswahili. Hata hivyo anayetaka kuzisoma hulazimika kuanza kwa Kijerumani au Kiingereza. Maneno kama kalibu, chapa, taji na pambo yamo tayari katika lugha. Yakikubaliwa maana zake na kuandikwa, mwanafunzi ataweza kuisoma hela kwa lugha iliyoihifadhi.