Fort Jesus: Vita vya Dini ama vya Ushuru?

Wasee, hebu tufikirie hilo jina kidogo. Tumelizoea mpaka halitushtui. Lakini Fort Jesus ni ngome ya mizinga, ilianza kujengwa 1593, na kuna watu walikaa chini wakaona jina la Yesu linaifaa.

Ruhusa ilitoka juu kabisa. Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimpa mfalme wa Ureno kibali cha kupigana na Waislamu na wapagani, kuteka nchi zao na kuwafanya watumwa. Kwa hivyo Francisco de Almeida alipoichoma Mombasa 1505, kwa macho yake alikuwa anafanya kazi ya Mungu. Lakini pia alikuwa anafuata dhahabu ya Sofala na biashara ya Bahari ya Hindi.

Sasa, kama hii ilikuwa vita ya Wakristo na Waislamu, Malindi walikuwa wanafanya nini? Sultani wa Malindi alikuwa Mwislamu, na alikuwa rafiki wa Wareno karibu karne nzima. Adui yake alikuwa Mombasa, Waislamu wenzake. Wareno walipoishika Mombasa, walimleta huyo huyo wa Malindi atawale. Hapo dini haikusumbua mtu.

Kilichowasumbua ni mamlaka na pesa za bandari. Sultani Hassan alikosana na kapteni wa Kireno, mwisho akauawa. Mtoto wake Yusuf alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa Dom Jerónimo. Akarudishwa Mombasa kama mfalme Mkristo. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akatangaza amerudi kwa Uislamu. Wakristo wakaambiwa wasilimu ama wafe. Wengi walikataa wakauawa, na si Wareno pekee. Kulikuwa na Waafrika waliobatizwa.

Kanisa kule Goa liliwahesabu kama wafia dini. Wengine wanamwona Yusuf kama shujaa aliyepinga wakoloni. Mimi naona alikuwa na kila sababu ya kuwakasirikia Wareno, lakini huwezi kuniambia hiyo ya "silimu ama ufe" ilikuwa haki. Qur'an yenyewe inakataza kumlazimisha mtu dini.

Na upande wa pili pia walikuwa wameambiwa. Mwaka 1539, miaka zaidi ya hamsini kabla ya ngome kujengwa, padre Francisco de Vitoria alifundisha pale Salamanca kwamba tofauti ya dini si sababu ya haki ya kupigana. Huyu hakuwa mpinzani wa Kanisa, alikuwa mwalimu wake mkubwa. Kwa hivyo si ati watu wa zamani hawakujua. Kulikuwa na maoni mawili ndani ya dini moja, na wenye meli walichagua lile linalowalipa.

Najua kuna mtu atasema, basi dini ilikuwa kisingizio tu. Hapana, si rahisi hivyo. Wale waliouawa 1631 wangejiokoa kwa kutamka shahada tu, na hawakutamka. Kwao imani ilikuwa kweli kabisa. Hapo ndio naona hatari yenyewe: mkubwa anaweza kuwa anapiga hesabu, lakini anayekufa anaamini. Bila imani ya huyu wa chini, maneno ya yule wa juu hayana nguvu.

Baadaye Waomani waliizingira ngome kuanzia 1696 hadi 1698, Wareno wakatolewa. Je, amani ilikuja kwa sababu sasa wote ni Waislamu? Wapi! Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said wa Oman walipigania mji huo huo mpaka 1837, Waislamu kwa Waislamu.

Kwa hivyo mtu akikuambia Mungu anataka vita hii, muulize maswali mawili. Washirika wako ni wa dini gani? Na tukishinda, ushuru wa bandari unaenda kwa nani? Akikasirika badala ya kujibu, mimi singemfuata. Wewe je?