Warukaji wa Vilima vya Udongo

Msomaji mpenzi, baisikeli uijuayo ni chombo cha safari na mizigo. Asubuhi hubeba mtungi wa maziwa, adhuhuri hubeba gunia la makaa, na jioni humrudisha mwenyewe nyumbani. Gurudumu lake likiacha ardhi hata kwa kitambo kidogo, mpandaji hushtuka moyo. Lakini wako watu ulimwenguni ambao kazi yao ni kuliachisha gurudumu hilo ardhi kwa makusudi. Hupaa juu ya vichwa vya watazamaji, hujipindua hewani pamoja na baisikeli zao, kisha hutua upande wa pili wa kilima cha udongo. Hulipwa kwa kazi hiyo, hupewa medali, na picha zao hubandikwa katika vyumba vya vijana. Nataka nikueleze historia yao. Nakuomba usiangalie sana wanavyoruka; angalia wanavyotua, kwa kuwa hapo ndipo ilipo habari yao yote.

Mchezo wao huitwa kwa herufi tatu, BMX, na chimbuko lake ni watoto. Mwaka 1963 kiwanda cha Schwinn cha mji wa Chicago, Marekani, kilitoa baisikeli ndogo iliyoitwa Sting-Ray. Magurudumu yake yalikuwa ya inchi 20 tu, fremu yake ilikuwa fupi, na usukani wake ulisimama juu kama pembe za ng'ombe. Watoto wa jimbo la California waliipenda mno. Wakati huo watu wazima wa huko walikuwa wakishindana kwa pikipiki katika njia za udongo zenye mabonde na vilima. Watoto hawakuwa na pikipiki, lakini walikuwa na macho ya kuona na baisikeli za kuigia. Mwezi wa Novemba 1970, katika mji wa Long Beach, mvulana wa miaka 13 aitwaye Scot Breithaupt aliwakusanya wenziwe katika kiwanja kitupu akawaandalia mashindano. Walioshinda aliwapa vikombe alivyovipata yeye mwenyewe katika mbio za pikipiki. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya mbio za pikipiki, jina lake On Any Sunday, na mwanzoni mwake walionekana watoto wakiruka vilima kwa baisikeli zao. Filamu ikaenea, na mchezo ukaenea pamoja nayo. Ilipofika 1974 kulikuwa na chama cha kuusimamia katika jimbo la Florida, upande wa pili wa nchi.

Mwenye haraka ya kushinda mbio hukipita kilima kwa chini chini, maana kila nukta anayokaa hewani ni nukta iliyopotea. Walakini walikuwako vijana waliokipenda kilima kuliko ushindi. Hao walijitenga na mbio. Waliingia vichakani na katika viwanja visivyolimwa, wakiwa na sepetu na ndoo za maji, wakajenga vilima vyao wenyewe. Mahali palipopata sifa kubwa ni Sheep Hills, katika mji wa Costa Mesa, California. Kati ya watu hao kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: asiyechimba haruki.

Hebu tutazame vilima hivyo vinavyofanya kazi. Hujengwa viwili viwili, vikielekeana, na katikati huachwa pengo. Kilima cha kwanza kina mwinuko mkali, nacho humrusha mpandaji. Cha pili kina mteremko, nacho humpokea. Magurudumu yakiugusa mteremko sawasawa, mwendo huendelea mbele na chini, na kishindo hupungua. Akiruka pungufu, hukigonga kichwa cha kilima. Akizidisha, hukipita kilima na kuangukia uwanda, na uzito wote huingia katika vifundo, magoti na mgongo. Baina ya salama na hasara pana hatua moja au mbili. Ndiyo sababu wajuzi wa mchezo huu humwaga jasho jingi zaidi katika kilima cha pili kuliko cha kwanza, ingawa watazamaji hukitazama cha kwanza.

Mwaka 1984 kijana wa Arizona, Jose Yanez, alipiga pindu la kinyumenyume akiwa juu ya baisikeli yake, akawa mtu wa kwanza kujulikana kwa tendo hilo. Wengi walidhani kwamba mwisho wa uwezo wa binadamu umefikiwa. Lakini haukupita muda mrefu mchezo wenyewe ukaanguka. Katika miaka ya mwisho ya 1980 vijana walipendelea mambo mengine, viwanda vikafunga mikoba, na wapandaji waliokuwa wakilipwa wakajikuta hawana kitu. Waliobaki waliamua kujitegemea. Chris Moeller, mrukaji wa California, alikuwa ameanzisha pamoja na mwenziwe kampuni ya S&M mwaka 1987, ili watengeneze fremu ambazo hazingevunjika chini yao. Mat Hoffman wa Oklahoma alianzisha kampuni yake mwaka 1991, na mwaka 1992 akaanza kuandaa mashindano yake mwenyewe. Watu hawa waliulinda mchezo wakati wa njaa, kama mkulima alindavyo mbegu.

Shibe ilirudi mwaka 1995. Shirika la televisheni la ESPN liliandaa katika jimbo la Rhode Island mashindano makubwa ya michezo ya hatari, ambayo baadaye yaliitwa X Games. Kuruka vilima vya udongo kulikuwa mojawapo ya michezo hiyo, na medali ya dhahabu ilichukuliwa na Jay Miron wa Kanada. Baada yake majina yalifuatana: T. J. Lavin wa Las Vegas alishinda mwaka 1997 na 1999. Ryan Nyquist wa California alishinda 2000 na 2003. Stephen Murray wa Newcastle, Uingereza, alishinda 2001. Na Corey Bohan wa Australia alishinda mara tatu mfululizo, tangu 2004 hata 2006.

Usidhani kwamba watu hao walikuwa na mishahara kama karani au mwalimu. Mrukaji wa kulipwa huishi kwa zawadi za mashindano, kwa malipo ya viwanda vinavyotaka jina lake juu ya fremu na viatu vyao, na kwa maonyesho. Asipoonekana, hasemwi; asiposemwa, halipwi. Hapo tunaanza kuona uzito wa jambo letu. Mtu ambaye riziki yake hutegemea kushangaza watu hawezi kuwashangaza mara mbili kwa kitu kilekile. Jana pindu moja lilitosha. Leo watazamaji wanataka mawili. Mwaka 2000, katika X Games zilizofanyika San Francisco, Dave Mirra alipiga pindu mbili kwa mruko mmoja na kutua salama. Tangu siku ile pindu mbili zikawa deni la kila mrukaji mkubwa.

Deni hilo lililipwa kwa bei ya kutisha tarehe 22 Juni 2007 mjini Baltimore. Stephen Murray alikuwa akishindana katika mfululizo wa mashindano uitwao Dew Tour. Alijaribu pindu mbili, tendo ambalo alikuwa amelifanya kabla ya hapo na ambalo lilimpa sifa. Safari hii hakumaliza mzunguko. Alianguka kwa kichwa, mifupa ya shingo ikavunjika, na mwili wake ukapooza tangu mabegani kwenda chini. Alikuwa baba wa watoto wadogo wawili wa kiume. Kwa mtu aliyefanya kazi kwa miguu na mikono yake, hilo lilikuwa ni kupokonywa chombo na kazi kwa nukta moja.

Wahenga walisema, Aliye juu mngoje chini. Kwa kawaida methali hii husemwa kwa kejeli, na mwenye kungoja hutamani kuona anguko. Lakini wenziwe Murray walimngoja chini kwa maana nyingine. Walichanga fedha za matibabu, waliandaa maonyesho kwa ajili yake, na maneno mawili ya Kiingereza, Stay Strong, yaani kaa imara, yakaandikwa katika kofia ngumu na fulana za wapandaji wa nchi nyingi. Watu walioshindana naye kila juma walijenga kilima cha pili ili wampokee. Murray aliokoka, akaendelea kuishi katika kiti cha magurudumu, na maneno yale yakawa jina la kazi yake mpya ya kuwatia moyo waliopatwa na msiba kama wake.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2010, T. J. Lavin alianguka katika mashindano hayohayo ya Dew Tour, nyumbani kwake Las Vegas. Kichwa chake kiliumia hata madaktari wakalazimika kumtia usingizi mzito wa dawa kwa siku kadhaa. Alipona, akarudi katika kazi aliyokuwa ameishika kando ya baisikeli, ya kuongoza kipindi cha televisheni.

Ziko pia jeraha zisizoonekana. Dave Mirra, yule wa pindu mbili, alipata medali 24 za X Games, na 14 kati yake zilikuwa za dhahabu. Wachache katika mchezo huu waliwahi kupaa kama yeye. Tarehe 4 Februari 2016, akiwa na miaka 41, alijitoa uhai katika mji wa Greenville, North Carolina. Miezi michache baadaye mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto aliuchunguza ubongo wake, akakuta alama za ugonjwa unaotokana na vishindo vya kichwa vya mara kwa mara, ugonjwa ambao huthibitishwa baada ya mtu kufa. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja, wala si haki kumpima mtu kwa siku yake ya mwisho. Lakini habari hiyo iliwafundisha wapandaji jambo ambalo hawakulitaka: kwamba mtu aweza kuinuka, akajipangusa vumbi, akapigiwa makofi, na hali kishindo kimebaki ndani yake. Kunyamazia maumivu, ambako kulihesabiwa kuwa ni ushujaa, kukaonekana kuwa ni hatari.

Je, mchezo huu ulipaswa kukomeshwa? Wapandaji walijibu kwa namna yao. Hawakuacha kuruka, bali walizidi kujifunza kutua. Leo mruko mpya haujaribiwi kwanza juu ya udongo mkavu. Mrukaji huanza katika shimo lililojazwa vipande vya sponji, huanguka humo mara mamia, kisha huhamia katika mteremko uliotandikwa kitu laini, na mwisho ndipo huuendea udongo. Tarehe 28 Mei 2011, katika mji wa Taupo, New Zealand, Jed Mildon alipiga pindu tatu kwa mruko mmoja na kutua. Dunia iliona nukta chache za mruko. Haikuona miezi ya maandalizi.

Udongo wenyewe haujaingia katika Michezo ya Olimpiki. Mbio za BMX ziliingia mwaka 2008 mjini Beijing, na michezo ya mitindo, ambayo hufanyika juu ya majukwaa yaliyojengwa, ilionekana kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, Agosti 2021. Mshindi wa wanawake alikuwa Charlotte Worthington wa Uingereza, ambaye zamani alikuwa mpishi wa mkahawa. Katika duru ya kwanza alijaribu pindu la kinyumenyume lenye mzunguko kamili wa mwili, akaanguka. Katika duru ya pili alilijaribu lilelile, akatua, akapata dhahabu. Medali ya pili ilikwenda kwa Hannah Roberts wa Marekani, na kocha wa timu yake alikuwa Ryan Nyquist, yule aliyeshinda udongo mwaka 2000. Naye Jay Miron, mshindi wa kwanza, aliacha baisikeli akawa fundi wa samani za mbao. Hao nao walitua: mmoja kwa kuwafundisha wengine, mwingine kwa kushika randa.

Basi, kijana msomaji, historia ya watu hawa ikihesabiwa kwa medali itakuwa fupi, kwa sababu medali hupewa wachache na husahauliwa upesi. Ikihesabiwa kwa kutua, ni ndefu na ina mafunzo. Tumeona mwili unaotua juu ya mteremko uliojengwa kwa subira. Tumeona maisha yanayotua juu ya kazi nyingine baada ya ujana kwisha. Na tumeona mtu aliyevunjika akitua juu ya mikono ya wenziwe. Huenda usipande kamwe baisikeli ya inchi 20, lakini iko siku utakayosimama juu ya kilima chako, na watu watakushangilia uruke. Kabla hujakanyaga, tazama ng'ambo ya pengo. Kama kilima cha pili hakijajengwa, chukua sepetu.