KABLA YA JIMBO LA ITURI: TERITWARI ZETU NA SANDUKU LA KURA



Katika kitabu cha Jubilei ni desturi kuhesabu ubatizo, ndoa na makanisa yaliyojengwa. Hesabu hiyo ni ya haki. Lakini Mkristo wa Ituri ni raia pia, na yampasa ajue namna wazee wake walivyopata sauti katika mambo ya nchi, walivyoipoteza na walivyoipata tena. Vijana wengi hudhani kwamba jimbo la Ituri lilizaliwa mara ya kwanza mwaka wa 2015. Sivyo. Teritwari zetu za mashamba zilikwisha kutuma wajumbe katika bunge la jimbo tangu mwaka wa 1960, na kwa miaka michache bunge lao lilikaa hapahapa Bunia.

I. Mipaka ya zamani

Dhahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka wa 1903, na toka hapo serikali ya kikoloni iliikaza mikono yake juu ya nchi yetu. Makao ya utawala yalikuwa Irumu kwanza, kisha yakahamia Bunia. Ituri iligawanywa kwa teritwari tano: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Kwa amri za miaka ya 1910 na 1933, ndani ya kila teritwari ziliwekwa sheferi, na nyingi katika hizo zilipewa jina la kabila: Walendu Pitsi, Walendu Bindi, Wahema wa Kaskazini, Wahema wa Kusini, Banyari Kilo, na nyingine.

Mpango huo ulimrahisishia Mbelgiji kazi ya kukusanya kodi na kupata watu wa machimbo. Kwa raia ulikuwa na kasoro moja kubwa: kila mtu alikwenda na shauri lake kwa mtemi wa kabila lake, na juu ya watemi alikuwa mzungu wa teritwari peke yake. Watu wa makabila mbalimbali walionana sokoni, machimboni na misioni, lakini halikuwako baraza walilolichagua wenyewe, ambamo wangeketi pamoja na kuamua juu ya njia, mashamba na kodi.

II. Kura ya kwanza, 1959 na 1960

Mwaka wa 1959 una alama mbili kwetu. Tarehe 10 Novemba, Vikarieti ya Ziwa Albert ilifanywa Diosezi ya Bunia, mchungaji wake akiwa Askofu Alphonse Matthysen wa Mapadri Weupe. Majuma machache baadaye, katika Desemba, Kongo ilifanya uchaguzi wa halmashauri za komini na teritwari. Hivyo Kanisa la hapa na raia wa hapa walianza kuhesabiwa watu wazima karibu kwa wakati mmoja.

Baada ya mkutano wa Brussels wa Januari na Februari 1960, sheria ya tarehe 23 Machi ilipanga uchaguzi mkubwa. Kwa Bunge la taifa, eneo la kuchagua lilikuwa distrikti nzima. Kwa bunge la jimbo, lilikuwa teritwari. Hii ndiyo asili ya maeneo yetu ya uchaguzi: mtu wa Djugu alimchagulia Djugu, na mtu wa Irumu alimchagulia Irumu, bila kuuliza sheferi ya jirani yake. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, wenye miaka 21 au zaidi. Mama zetu, waliolima mashamba yenyewe yaliyojadiliwa, walibaki nje mpaka Katiba ya mwaka wa 1967 ilipowapa haki hiyo.

Mwezi wa Mei 1960 kura zilipigwa. Katika jimbo zima la Orientale, chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata viti 58 katika 70, nacho chama cha PNP, kilichopendwa na watemi wengi, kilipata vichache. Jean-Pierre Finant akawa mkuu wa serikali ya jimbo. Lakini bunge hilo lilikaa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, yapata kilometa 700 toka Bunia kwa njia ya msitu. Mjumbe aliyekwenda huko hakuonekana upesi na waliomtuma. Finant naye aliuawa Bakwanga katika Februari 1961, na jimbo likayumba.

III. Kibali-Ituri, 1962 hadi 1966

Mwaka wa 1962 majimbo makubwa yalikatwa. Orientale ilizaa majimbo matatu: Haut-Congo, Uele na Kibali-Ituri. Makao ya Kibali-Ituri yakawa Bunia, na rais wake wa kwanza akawa Jean Foster Manzikala. Wajumbe waliochaguliwa na teritwari zetu mwaka wa 1960 hawakuwa tena na safari ya Stanleyville. Bunge lao likawa nyumbani.

Tusiseme kwamba siku zile zilikuwa za dhahabu. Fedha zilikuwa haba, na mwaka wa 1964 waasi wa Simba waliingia Bunia, wakaacha maombolezo katika nyumba nyingi. Hata hivyo neno moja lilikuwa jema: palikuwa na nyumba moja ambamo mjumbe wa Aru, wa Djugu na wa Mambasa waliweza kusikilizana, na raia mwenye shauri aliweza kuwaona kwa mwendo wa siku chache. Wahenga wetu walisema: palipo na wazee hapaharibiki neno.

Nyumba hiyo haikudumu. Baada ya Jenerali Mobutu kutwaa mamlaka tarehe 24 Novemba 1965, majimbo yalipunguzwa, na mwaka wa 1966 Kibali-Ituri ikarudishwa ndani ya Orientale. Mabunge ya majimbo yakapoteza nguvu zake. Waliolichagua bunge hawakuulizwa kitu.

IV. Miaka ya kimya

Ituri ikawa tena distrikti, ikitawaliwa na watu walioteuliwa toka mbali. Kura hazikukosekana, ila maana yake ilipungua. Mwaka wa 1970 raia walipewa karatasi ya kijani ya kukubali na nyekundu ya kukataa, na katika nchi nzima zilitangazwa kura 157 tu za kukataa.

Wakati huohuo jambo zito lilipita. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali. Tangu hapo mwenye kujua ofisi aliweza kupata hati juu ya shamba ambalo wengine walilima tangu babu zao. Shauri la namna hiyo lahitaji baraza la majirani wote, nasi hatukuwa nalo. Kila mtu alirudi kwa kabila lake, kama siku za mkoloni. Katika Djugu, ugomvi wa mashamba makubwa ya Walendu Pitsi ukawaka mwaka wa 1999, ukawa vita. Wafu walikadiriwa kuwa zaidi ya 50,000 mpaka mwaka wa 2003.

Tukumbuke pia kwamba katika Juni 1999 jina la Kibali-Ituri lilirudi kwa ghafula: Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda alimteua gavana wa jimbo hapa Bunia. Jina lilikuwa lilelile la mwaka wa 1962, lakini safari hii hapakuwa na mchaguzi hata mmoja nyuma yake. Halikuleta amani.

V. Kurudi kwa sanduku

Aprili 2003 Halmashauri ya Kutuliza Ituri ilikutana Bunia, ikaunda baraza la muda, na Petronille Vaweka akawa mkuu wake. Kisha, tarehe 29 Oktoba 2006, teritwari zikawa tena maeneo ya uchaguzi wa wajumbe wa jimbo, na mara hii akina mama walisimama mistarini pamoja na waume zao. Katiba ya mwaka ule iliahidi majimbo 26 ndani ya miezi 36. Ahadi ilitimizwa mwaka wa 2015 tu. Toka 1966 ni miaka 49.

Tarehe 6 Mei 2021, kwa sababu ya mauaji yaliyoendelea, Ituri iliwekwa chini ya watawala wa kijeshi, na kazi ya bunge la jimbo ikasimamishwa. Historia imejirudia kwa sura nyingine.

Ndugu wapendwa, fundisho ni hili. Eneo la uchaguzi si mstari wa ramani tu. Ni ukumbi wa majirani wasiochaguana kwa ukoo, lakini walazimikao kuishi pamoja. Ukumbi huo unapofungwa, mashauri hayaishi, yanahamia gizani. Basi tuwafundishe watoto wetu kuitunza kadi ya kura kama watunzavyo cheti cha ubatizo, na kumtuma mjumbe kwa ajili ya teritwari nzima, si kwa ajili ya kilima chao. Mungu aijalie Ituri baraza na amani.