Panya wa APOL1

Panya wa APOL1 ni panya wadogo wa maabara waliopandikizwa jeni ya binadamu iitwayo APOL1 ili kuchunguza maradhi sugu ya figo. Panya wa kawaida hana jeni hiyo kabisa, na hapo ndipo penye faida: figo zikiharibika, mshukiwa anajulikana.

Aina mbili za jeni hiyo, G1 na G2, zilitambuliwa mwaka 2010. Zimeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. G2 hukinga dhidi ya malale ya Afrika Mashariki, lakini kinga hiyo haikuja bure: anayerithi nakala mbili za aina hizi, moja kwa kila mzazi, yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kufanya kazi.

Mwaka 2017 kundi la Katalin Susztak, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, liliiwasha jeni hiyo ndani ya podosaiti, seli za chujio la figo. Panya wa G1 na G2 walivujisha protini kwenye mkojo na chujio likapata makovu; wa G0, aina ya kawaida, walisalimika.

Dawa ya inaxaplin ilijaribiwa kwanza kwa panya wenye APOL1, kisha kwa wagonjwa.